Mtoto Mmoja, Nyimbo za Mapasa

Solange, mutoto wa mama,

Mama Régine, yule jirani yako wa karibu na kisima, amekufa juzi, na kesho tunamzika. Unamjua mdomo wake. Akifika huko mliko, hata kiti hajapewa, atakuwa amekwisha kukueleza habari zetu zote, tena kwa namna yake. Ndiyo maana nimekaa leo kukuandikia, ili uzisikie kwangu kwanza.

Trésor ameoa.

Hakungoja. Masufuria ya matanga yako yalikuwa hayajarudishwa kwa wenyewe, na mama yake alikuwa amekwisha kumtafutia binti wa kanisani, mweupe, mnene kidogo, jina lake Béa. Analala upande wako wa kitanda. Anavaa vikwembe vyako, hata kile cha kijani ulichoninyima minye, yaya yako, dada yako mkubwa, siku ya ndoa ya binamu yetu. Mlango umepakwa rangi. Nilimwuliza mama mkwe wako haraka ile ilikuwa ya nini, akanijibu mbele ya watu: "Odette, nyumba haikai bila mwanamuke. Weye umezoea kukaa bila bwana, hauwezi kujua." Wakacheka. Na minye nikacheka, kwa sababu nilikuwa na haja ya kuruhusiwa kumwona Merveille.

Merveille wako yupo. Anaongea kama wakili. Amechukua paji lako la uso, na ule ubishi wako wa kukataa kuvaa sweta asubuhi za baridi. Nilimwomba Trésor anipe nimlee. Akasema alitoa mahari, mtoto ni wa nyumba yake. Yeye mwenyewe hakai nyumbani. Anashinda Kakanda akinunua mawe ya madini kwa wachimbaji, anarudi mwisho wa mwezi, anakula, anaondoka. Mtoto wa nyumba yake akivaa viatu vya kushoto na kulia kwa kupishanisha, yeye hatajua.

Sasa nikueleze mengine toka mwanzo, kwa sababu kuna mambo weye hukuyaona vizuri. Ulikuwa ndani yake.

Unakumbuka mashini yangu ya kusaga ilikuwa inategemea umeme tu, na umeme ulikuwa unakuja ukipenda. Kitu kikiharibika kule bwawani Mwadingusha, sisi huku tunabaki na mahindi kwenye mdomo wa mashini, na akina mama wamejaa uani, kila mmoja na beseni lake na mtoto wake mgongoni. Minye ni mfanyabiashara. Nilianza na makala, mkaa wa Kapolowe, nikiyabeba kichwani mpaka shingo ikaota sugu. Hakuna aliyenipa kitu. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mama anayengoja kimya anachoka, anabeba mahindi yake, anakwenda kusaga kwa mwingine. Mama anayeimba haondoki. Wanaosema nilianzisha kuimba kwa huruma wananisifu bure. Nilikuwa nalinda wateja.

Aliyezileta nyimbo zenyewe ni Mama Mapasa, yule Muluba mfupi mwenye sauti ya bati, aliyezaa mapasa, watoto pacha, mara mbili. Kwao mwanamke akizaa mapasa hapewi pole wala hasifiwi. Wenzake wanamzunguka wanamwimbia matusi: tumbo lake, bwana yake, na vile walivyofanya huko chumbani mpaka wakatoka watoto wawili kwa pamoja. Naye haruhusiwi kukasirika. Anatakiwa ajibu, papo hapo, kwa wimbo, tusi kubwa kupita lile alilopewa. Akinyamaza, wanaendelea. Siku moja umeme ulikatika asubuhi, na Mama Mapasa akakaa pale uani akiwatazama wale mama wapya, wale wenye macho ya samaki wa sokoni. Akasema: "Kwani mwenye mutoto mumoja hachoki? Naye tumutukane." Ikaanza hivyo.

Weye nilikuja kukuchukua nyumbani mwenyewe. Ulikuwa umeacha kuoga. Ulikuwa umemshika Merveille kama mtu aliyeachiwa mzigo kwenye kituo cha gari, na mwenye mzigo hajarudi. Ukaniambia, bila machozi, kama vile unanieleza bei ya chumvi: "Yaya, huyu mutoto si wangu. Niko namuchungia tu mwenyewe." Nikakuambia vaa viatu, twende kusaga.

Yule muuguzi wa kituo cha afya, anayesaga kwangu, alikutazama mara moja tu. Akanivuta pembeni. Akasema huu ni ugonjwa kama mingine, unawapata wengi kisha kuzaa, unapona, lakini usiachwe. Akakupangia siku ya kumwona daktari. Kuhusu kuimba akasema: "Mulete kila mara. Hii ugonjwa inakula muntu akiwa peke yake." Hakusema kwamba nyimbo zinatosha. Alisema zisikosekane.

Siku za kwanza ulikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mdomo umefungwa. Walikuimba. Solange, matiti sawa soksi za askari. Solange, bwana yako anashinda kwenye mashimo ya watu, la kwake limejaa maji. Ukatazama ukuta. Lakini minye nilikuwa nakuangalia kama ninavyoangalia mkanda wa mashini, na niliona. Kwanza kichwa kilianza kufuata makofi. Kisha ukaanza kuitikia kiitikio, midomo tu. Kuimba kunamlazimisha mtu avute pumzi mpaka chini, na weye ulikuwa umeacha kupumua vile toka siku ya kuzaa. Merveille alikuwa mgongoni. Sauti ilipokutoka, mgongo ukatetemeka, na yule mtoto ambaye usiku mzima alikuwa analia kama amekosewa akalala, mdomo wazi, mate yanakudondokea. Ukageuza shingo kumtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kukuona unamtazama bila kuambiwa.

Halafu siku ile. Mama Mapasa alikuwa amekutukana mpaka kwenye visigino. Ukasimama. Ukaimba, na sauti yako ikiwa bado na kutu:

"Mama Mapasa, unazaa wawili wawili,
bwana yako hakusoma hesabu."

Solange, watu walianguka. Mama mmoja aliachia beseni, unga wote chini, na hakuuokota kwanza, alicheka kwanza. Mama Mapasa alijifuta macho kwa ncha ya kikwembe akasema: "Huyu mugonjwa yenu iko na pepo ya muzuri." Siku ile ulikula bukari kwangu, ugali na samaki, na ukaomba kuongezewa. Ukamshika Merveille mbele ya uso wako ukasema: "Iko na pua ya Trésor, masikini." Nikaenda nyuma ya mashini nikajifanya natengeneza mkanda.

Ndipo mama mkwe wako aliposikia.

Yule si mjinga, na hilo ndilo baya. Kabla ya kuwa mama wa maombi, alikulia katika nyimbo zile zile. Anajua zinaimbwa kwa nani. Akafanya hesabu yake. Nyimbo za mapasa ni za mama wa watoto wawili. Wakimwimbia Solange, basi tumboni mwa Solange walikuwa wawili. Tumemwona mmoja. "Wa pili iko wapi?" Akampelekea pasta swali hilo kama mtu anayepeleka sadaka, na pasta akalipenda. Wa pili iko wapi, Solange? Ulimupa nani uchawini? Wakakuuliza nyumbani, wakakuuliza kanisani, wakakuuliza huku unanyonyesha. Nilikwenda na muuguzi. Akaeleza kwamba alikupima tumbo mwenyewe na mtoto alikuwa mmoja. Wakamwambia vifaa havioni vya rohoni. Nilikwenda na Mama Mapasa, akasema mbele yao wote: "Ni minye niliyegeuza hizi nyimbo. Ni mchezo. Ni ya kuchekesha bamama." Wakasema, sikilizeni, shetani mwenyewe anatoa ushuhuda.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini weye uliwaamini. Ulinishika mkono kwenye mlango wa jikoni ukaniambia: "Yaya, labda walikuwa wawili kweli. Labda ule wa pili ndiyo alikuwa wangu."

Wakakufungia katika chumba cha maombi nyuma ya kanisa, ufunge, mpaka umtaje uliyempa wa pili. Bila bukari. Maji kidogo. Merveille akanyweshwa uji na bibi yake. Nilisimama kwenye lango lile na chakula, vijana wa kwaya wakanirudisha, kwa adabu, wakiniita mama. Siku ya kutolewa, minye nilikuwa wa kwanza kukushika. Nimebeba magunia maisha yangu yote. Najua uzito wa kitu kabla sijakiinua. Weye nilikuinua nikakosea. Nilitumia nguvu nyingi mno.

Nilikwenda kushtaki. Wakaniambia mwenye kushtaki ni bwana wako. Bwana wako alisema ni mapenzi ya Mungu.

Na matanga yako yalikula unga wangu. Nilipeleka gunia juu ya gunia, kwa sababu ndiyo desturi na minye ni yaya. Walikula vizuri, sana. Pasta alisema umekufa ukiwa huru. Mama mkwe wako aliomba unga mwingine wa kubebea nyumbani.

Sasa nina mota ya mazutu, ya dizeli. Umeme ukikatika, mashini yangu inaendelea kuunguruma, na wenye mashini nyingine wananichukia. Lakini Jumatano nazima. Naizima minye mwenyewe, saa za wateja wengi, na mama wapya wanaingia uani wanaimba. Mwenye mashini ya ng'ambo ya barabara anapita kunipigia makofi ya dharau: "Odette, umekuwa padri?" Najua ninachopoteza kila Jumatano, mpaka meka ya mwisho ya unga, na sikuambii. Wengine wanakuja kimya kama ulivyokuja, kisha baada ya muda wanamtukana mtu. Wengine nyimbo haziwatoshi, nawapeleka kwa muuguzi kwa mkono wangu. Asiyeonekana Jumatano mbili, Mama Mapasa anakwenda kumgongea mlango, akiimba matusi toka barabarani, mpaka afungue kwa aibu.

Kisha Béa akazaa. Mtoto wa kiume, mzima, mkubwa.

Nilikwenda kumwona Merveille siku ya Mungu, watu wa nyumba wamekwenda ibadani. Nikamkuta Béa amekaa kitandani kwako, ameelekea ukutani, nywele hazijaguswa. Kitoto kinalia sakafuni juu ya mkeka, na Merveille amechuchumaa anakinywesha maji kwa kifuniko cha chupa. Béa hakugeuka. Niliisoma ile shingo. Niliijua. Ilikuwa ni shingo yako.

Nilifurahi, Solange. Sikudanganyi. Nilisimama mlangoni na tumbo langu likaingia joto, kama mtu aliyekunywa. Nikasema kimoyomoyo, na weye onja.

Nilipokuwa natoka, mama mkwe wako alikuwa anarudi. Akanieleza mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyepata jibu. Béa anasumbuliwa, na anayemsumbua ni weye. Roho ya marehemu imerudi katika kitanda chake. Na roho inahitaji mlango wa kuingilia. Alimtazama Merveille aliposema hivyo. "Damu yake iko humu ndani," akasema. "Kama Béa hapati nafuu kufikia mwisho wa mwezi, mutoto naye atafunga."

Mtoto naye atafunga. Yule wa paji lako la uso.

Nilitembea mpaka nyumbani sioni barabara, nikipiga hesabu, na kila nilivyoigeuza ilitoka namba moja: Merveille anapona Béa akipona. Basi ilinibidi nimponye yule ninayemchukia kuliko pasta. Nikarudi kesho yake kwa mama mkwe wako, mpole kama kondoo, nikasema nataka kuleta amani kati ya nyumba zetu, nyumba yake itapata unga bure kila juma. Sharti moja: Béa aje kuuchukua mwenyewe, Jumatano, na angoje, maana Jumatano mashini inachelewa. Yule mama hajakataa unga wa bure hata siku moja. Akakubali kabla sijamaliza.

Béa akaja. Amevaa kikwembe chako cha kijani. Nikampa ndoo, akakaa, kichwa chini, mtoto mgongoni. Nikamwambia Mama Mapasa: leo naanza minye.

Nilimwimba vibaya. Desturi ina mipaka yake. Watu wanatukana ili mtu acheke. Minye sikutaka acheke. Nikamwimba:

"Béa, kitanda cha marehemu kina joto,
Béa, hata jasho lako umeliazima."

Wengine waliitikia polepole, wakitazamana. Mama Mapasa aliniambia baadaye: "Odette, unamuponya ao unamuua?" Nikamjibu sijui, tuone. Jumatano iliyofuata nikaendelea. Kikwembe chako, kitanda chako, sufuria zako, bwana wako ambaye angemwacha naye akifa. Kila nilichokuwa nimekiweka tumboni nilikitoa kwa makofi na kiitikio. Yeye kimya. Lakini alikuwa anarudi, Solange. Kila Jumatano anarudi, na baada ya muda anafika kabla ya wengine, ameoga. Mguu wake ukaanza kupiga. Midomo ikaanza kufuata matusi yake mwenyewe.

Mwezi ulikuwa unaelekea kuisha. Walikuwa wamepanga kufunga kwa Merveille kuanze Ijumaa.

Jumatano hii iliyopita nilikuwa katikati ya wimbo, natafuta neno la kumchomea, Béa akasimama juu. Akanitazama mara ya kwanza toka anijue. Ana sauti nene, huwezi kuamini, inatoka chini kabisa. Akaimba:

"Yaya Odette, mashini yako inalisha mutaa muzima.
Yaya Odette, mudogo wako alikufa na njaa."

Hakuna aliyeitikia. Mkono wangu ulikuwa juu ya beseni la chuma, na nilijua kabisa ni nguvu kiasi gani itakayompasua kichwa. Nikamtafuta Mama Mapasa kwa macho, nikitaka asimamishe. Yule mwanamke hakusimamisha. Aliendelea kupiga makofi, taratibu, peke yake, akinitazama. Anayetukanwa haruhusiwi kukasirika. Anatakiwa ajibu.

Nikaimba:

"Rudia, Béa, sauti yako sawa ya panya.
Rudia, wale wa kanisani hawajasikia."

Akarudia. Na wote wakaitikia. Ua mzima, Solange, wanaimba njaa yako, wanapiga makofi, mudogo wake alikufa na njaa, na minye najibu, na yeye anarudia juu zaidi, jasho linamtoka, machozi yanamtoka, na kitoto chake mgongoni kimelala fofofo. Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka kwamba sikuwa nimekulilia weye kwa sauti hata siku moja, na siku ile nililia kwa wimbo, huku natukanwa. Tulipomaliza Béa aliomba maji. Akanywa kikombe chote. Akachukua unga wake akaondoka bila kuaga.

Kesho yake, watu wanakwenda sokoni, alikuwa mlangoni kwangu. Amemshika Merveille mkono, amemvalisha viatu, kushoto kushoto, kulia kulia. Akasema: "Umukamate. Bakiniuliza, nitasema ulimuiba."

Nikamwuliza: "Na weye?"

"Minye nitakuja Jumatano. Sijamaliza kukutukana."

Akageuka akaenda zake, na kikwembe chako kikiyumba nyuma yake.

Kwa hiyo mtaani minye ni mwizi wa watoto, na Mama Régine amekufa akiamini hivyo. Trésor anashuka toka Kakanda kesho, baada ya maziko, na wanaume wa kanisa wanasema watakuja naye. Waje. Muuguzi ameahidi kusema mbele ya mkuu wa mtaa yale aliyoyaona kwako, na safari hii mtoto yuko hai wa kumtetea. Akina mama wamesema watakuja na mabeseni yao wakae langoni. Mama Mapasa amekwisha kumtungia pasta wimbo. Siwezi kukuandikia maneno yake, uko mahali patakatifu.

Sijui kama tutashinda. Nakuahidi tu kile ninachokiweza. Merveille atakula asubuhi, atakula mchana, atakula jioni, na atakayetaka kumfungisha atapita kwanza juu yangu, na unajua uzito wangu. Kuhusu Béa, sijamsamehe, usiningojee kwa hilo. Lakini bado anayumba, bado kuna siku anatazama ukuta, na amebaki katika nyumba ile peke yake. Basi Jumatano nitazima mashini, nitampa ndoo, na nitamtukana kwa moyo wangu wote mpaka apone.

Lala, mudogo wangu. Mtoto wako yuko hapa pembeni yangu, anapaka unga kwenye karatasi hii, na ananiuliza naandikia nani.

Yaya yako,
Odette